Nani Anashika Kalamu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Sauti ya Mwananchi Katika Huduma za Afya Kisumu

Maswali haya nimeyaokota kwenye baraza za chifu, matangani, kwenye foleni ya kliniki ya watoto, na mara nyingi nyuma ya bodaboda nikielekea Ahero, dereva akiuliza kwa sauti ya kushindana na upepo. Nimekaa kwenye kamati ya zahanati moja ya bonde la Nyando kwa vipindi viwili, kwa hiyo najibu nikiwa upande wa meza usio na pesa wala koti jeupe. Mifano mingi ni ya Kisumu, ila sheria ni zilezile ukiwa Siaya, Homa Bay, Vihiga au Kakamega.

Mimi si daktari wala muuguzi. Nani kanipa ruhusa ya kuhoji mambo ya zahanati?

Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 46, ambacho wengi hudhani ni cha waliouziwa sukari iliyopunjwa, kinamlinda mtumiaji wa bidhaa na huduma, zikiwemo zile zinazotolewa na taasisi za umma. Kwa hiyo pale dirishani pa dawa wewe ni mteja hata kama hujatoa shilingi. Kodi ulishailipa uliponunua mafuta ya taa na kuweka kredi kwenye simu.

Sheria ya Afya ya 2017 inaongeza jambo ninalolipenda: mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu anayopewa, hatari zake na gharama, tena kwa lugha anayoielewa. Nyanya wa Nyakach ambaye lugha yake ni Kijaluo tu hapaswi kuondoka na karatasi ya Kiingereza aliyoandikiwa na mtu ambaye hakumwangalia hata usoni.

Nimlalamikie nani, kaunti au serikali ya kitaifa?

Malalamiko mengi hufia hapa, kwa kupelekwa mlango usio wake. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti vituo vya afya na maduka yake ya dawa, ambulensi, afya ya msingi, ukaguzi wa wanaouza chakula na uzoaji wa taka. Serikali ya kitaifa imebaki na sera na hospitali za rufaa za kitaifa. Zahanati ni ngazi ya 2, kituo cha afya ngazi ya 3, hospitali ya kaunti ndogo ngazi ya 4, rufaa ya kaunti ngazi ya 5. Zote hizo ni mzigo wa kaunti. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, ni ya kitaifa. Dawa za HIV, za kifua kikuu na chanjo hupitia zaidi kwenye mipango ya kitaifa, ingawa unazipokea kwenye dirisha lilelile na kutoka kwa sista yuleyule.

Mimi huanza na mtu wa karibu zaidi ambaye ana uwezo wa kuamua. Mkuu wa zahanati anaweza kubadilisha saa za kliniki leo hii. Hawezi kuajiri muuguzi wa pili hata ukimwomba kwa machozi.

Tunaenda zahanati, tunaambiwa dawa hakuna, tukanunue kemisti. Tufanye nini?

Hakuna swali ninaloulizwa kuliko hili, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza elewa dawa inapitia wapi. Zahanati hujaza maombi. Maombi yanapanda hadi ofisi ya afya ya kaunti ndogo, kisha idara ya afya ya kaunti. Kaunti inaagiza kutoka KEMSA, mamlaka ya serikali ya ugavi wa dawa. Njia hii hukatika sehemu kadhaa. Pengine zahanati iliagiza kidogo kwa sababu kadi za stoo hazikujazwa. Pengine kaunti haikutenga pesa, au ilitenga lakini ina deni KEMSA na mzigo ukazuiliwa. Au dawa ilifika na ikatokea mlango wa nyuma. Kila tatizo hapo lina mwenyewe, na ukimfokea sista aliye dirishani, mara nyingi umemfokea mtu asiyeshika hata ufunguo wa stoo.

Pili, andika. Mwaka mmoja kijiji chetu kilikwenda kwa afisa wa afya wa kaunti ndogo na maneno matupu: dawa hazipatikani kamwe. Alitusikiliza kwa adabu, akatutolea karatasi inayoonyesha mzigo ulifika Februari. Tukarudi tumefyata mkia. Mara ya pili tulikwenda na daftari la shule la kurasa 32. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameketi nje ya lango kila siku ya kliniki kwa wiki sita, akimuuliza kila anayetoka: umeandikiwa nini, umepewa nini, unaenda kununua nini, kwa bei gani? Majina hakuandika. Aliandika tarehe, umri na dawa. Kufikia ukurasa wa tatu ilikuwa wazi kwamba dawa ya malaria ya watoto wadogo, ile pakiti ya vidonge sita, haikuwepo tangu wiki ya pili, ilhali pakiti za watu wazima zilijaa rafu, na sista alikuwa akizikatakata ili watoto wapate.

Afisa aliusoma ukurasa ule mara mbili, kisha akapiga simu tukiwa tumeketi mbele yake. Kumbe kituo cha afya cha jirani kilikuwa na pakiti za watoto kupita kiasi, na tarehe yake ya kuharibika ilikuwa inakaribia. Zililetwa kwa pikipiki Alhamisi ile, ndani ya katoni ya sabuni.

Tatu, kama uko kwenye kamati, omba kuona kadi ya stoo. Kila dawa ina yake: imeingia lini, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi. Kadi ikisema makopo kumi na rafu ina manne, hapo sasa mazungumzo ni mengine.

Tukilalamika, si wauguzi watatuchukia? Mtoto akiugua usiku nitaenda wapi?

Hofu hii siidharau. Kijijini zahanati ni moja, na sista unayemlalamikia ndiye atakayekuzalisha. Ndiyo maana malalamiko yaende kwa jina la kikundi na yataje jambo, si mtu, isipokuwa mtu huyo ameumiza mtu. "Kliniki ya wajawazito inafunguliwa saa nne badala ya saa mbili" ni lalamiko. "Sista fulani ana madharau" ni ugomvi, hata kama ni kweli.

Halafu fika siku moja usiwe mgonjwa, ukae tu uone. Niliwahi kukaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa. Sista mmoja aliwachanja watoto, akampima mjamzito, akafunga kidonda cha mtu wa panga, akajaza vitabu vya rekodi, akaitwa wodini, akarudi. Chai yake ilikuwa kwenye dirisha na utando juu. Tangu siku ile kila barua ya kamati yetu ina aya ya kudai muuguzi wa pili, na sista huyo ndiye anayetuonyesha kadi za stoo kabla hatujaomba.

Kamati ya zahanati ni nini, na mbona wanakamati ni walewale?

Ni wakazi wanaosimamia kituo pamoja na mkuu wake: wanapanga matumizi, wanakagua kazi iliyofanywa, wanasikiliza malalamiko. Tangu Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023, pesa ambazo kituo kinapata zinatakiwa zibaki kituoni badala ya kumezwa na mfuko mkuu wa kaunti. Sheria hiyo imeipa kamati uzito. Imewavuta pia watu ambao zamani hawakujua hata lango la zahanati linaangalia wapi.

Ni walewale kwa sababu siku ya kuwachagua hatuendi. Mimi mara ya kwanza nilichaguliwa na watu kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuwa wamekuja kuchanja watoto. Kama unataka kuijua kamati yako, uliza mambo matatu: mlikutana lini mara ya mwisho, kumbukumbu za mkutano ziko wapi, na nani anaweka sahihi benki. Na ukiona wote ni wanaume wa kanisa moja, uliza la nne.

Sanduku la maoni lina kazi yoyote?

La kwetu lilifunguliwa baada ya miaka miwili, kwa bisibisi, maana ufunguo ulikuwa umepotea. Ndani mlikuwa na makaratasi ya peremende, risiti ya mbolea, na barua moja ya mama aliyelalamikia choo. Choo chenyewe kilikuwa kimeshaporomoka.

Linafaa ikiwa linafunguliwa siku inayojulikana, mbele ya mtu asiye mfanyakazi wa kituo, na yaliyomo yakaandikwa. Sheria ya Afya ya 2017 inataka utaratibu wa kulalamika ubandikwe mahali ambapo anayeingia atauona, na mlalamishi aelezwe kwa maandishi, ndani ya miezi mitatu, hatua iliyochukuliwa. Tazama ukutani. Kama hakuna ila kalenda ya mwaka juzi, umeshapata lalamiko la kwanza.

Nyamrerwa wetu anaweza kutusaidia, au kazi yake ni kupima presha tu?

Anaweza kuliko mnavyofikiri. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao huku kwetu wengi bado tunawaita nyamrerwa, walipewa mikoba ya vifaa na serikali mnamo Septemba 2023, zaidi ya laki moja nchi nzima. Kila mmoja huwa na nyumba kama 100. Anajua nani ameacha dawa za kifua kikuu, nani hana choo, mtoto gani hakumaliza chanjo. Hayo yote anayaandika, yanapanda ngazi. Shida ni kwamba takwimu zikipanda hazirudi kijijini.

Zinarudi mkidai siku ya mazungumzo. Utaratibu wa afya ya jamii unataka ifanyike kila robo mwaka: nyamrerwa na mkuu wa kituo wanabandika takwimu, jamii inauliza, mnakubaliana nani atafanya nini kufikia lini. Yetu hufanyika chini ya mwembe, na karatasi ile kubwa hubandikwa kwenye ukuta wa duka la posho kwa sababu ndio pekee usio na nyufa.

Kitu kimoja zaidi. Marupurupu yao ya KSh 5,000 kwa mwezi yamegawanywa nusu kwa nusu kati ya kaunti na serikali ya kitaifa, na nusu moja ikichelewa, yeye ndiye anayetembea njaa. Mnapoandika madai yenu, wekeni na hilo.

Mikutano ya bajeti tunaitwa mambo yakiwa yameshaamuliwa. Kuna faida gani kwenda?

Manung'uniko haya ni ya kweli zaidi ya nusu. Nusu iliyobaki ni kalenda, ambayo hatuisomi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, unaosema idara ya afya itapata fungu gani, unafika kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe ni 30 Aprili, na bunge linayapitisha kufikia 30 Juni. Juu ya hayo yote kuna mpango wa miaka mitano, na tulio nao sasa ni wa 2023 hadi 2027. Ukingoja mkutano wa Mei umefika arusini wakati wa kuosha masufuria. Mradi usiotajwa Septemba hauna fungu Februari.

Kisha kuna namna ya kusema. Tuliwahi kuomba tangi la maji. Tukapewa: lita 10,000, jeusi, linang'aa. Gata za paa hazikuwepo, wala bomba. Lilikaa misimu miwili ya mvua likiwa tupu, watoto wakilipiga kama ngoma wakitoka shule, huku wajawazito wakija na maji yao ya kujifungulia kwenye madumu ya lita ishirini. Ukisoma maombi yetu utakuta tuliandika neno moja tu, tangi, na kaunti ikatupa neno tuliloandika. Mwaka uliofuata fundi wa kijiji alitupimia paa kwa kamba, akatuandikia gata, mabomba, koki na saruji ya msingi, kila kimoja na bei yake. Hiyo ndiyo karatasi iliyosomwa kwenye mkutano wa wadi.

Ukipewa dakika mbili, usiseme tunaomba huduma bora. Sema: chumba cha kujifungulia hakina umeme usiku, sista anaishika simu kwa meno ili apate mwanga akishona, tunataka taa za sola na betri, na kwenye makadirio ukurasa fulani kuna pesa za ukarabati ambazo hazijatajwa ni za kituo gani.

Mkutano ukiwekwa siku ya soko, mama mboga hatafika, na waandaaji wanalijua hilo. Maoni ya maandishi nayo ni maoni. Yapeleke na nakala, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, uondoke nayo. (Wapo pia wanaohudhuria kila mkutano wa kaunti kwa ajili ya nauli na soda. Tunawajua kwa viatu.)

Nikiomba kuona karatasi za matumizi ya pesa wakanikatalia?

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 viko upande wako. Ombi linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika anaeleza kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kuliweka kwenye maandishi. Hulazimiki kueleza unazitakia nini. Kuwasilisha ombi ni bure. Unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala tu. Wana siku 21 za kujibu, wanaweza kujiongezea mara moja siku zisizozidi 14, na kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kimya kinahesabiwa kuwa kukataa.

Barua yetu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu na ilitaja ufisadi mara saba. Haikujibiwa. Ya pili ilisema hivi tu:

"Kwa Afisa wa Habari, Idara ya Afya, Kaunti ya Kisumu. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za hati za kupokea dawa katika zahanati iliyotajwa hapo juu kuanzia Januari hadi Machi, na kiasi cha pesa ambacho zahanati hiyo ilipokea katika miezi hiyo. Nitakuja kuzichukua mwenyewe ofisini."

Jina, namba ya simu, tarehe, sahihi. Jibu lilikuja siku ya kumi na tisa.

Wakikataa, una siku 30 za kupeleka shauri kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo watu huiita Ombudsman. Ina ofisi Kisumu mjini. Hailipishi, na huhitaji wakili.

Wanaweza kumzuia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya bili?

Hapana. Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi Nairobi baada ya kujifungua, ikasema kuwazuia kulikiuka haki zao. Deni linabaki deni, linadaiwa kwa njia za kudai madeni. Kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma ada ziliondolewa Juni 2013, kwa hiyo ukidaiwa pesa pale, omba risiti kabla ya kitu kingine. Mara nyingi ada huyeyuka risiti ikitajwa.

Na wakikudai kitu kidogo waziwazi?

Piga 1551, ni namba ya bure ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Taja tarehe, saa, dirisha na kiasi.

Dada yangu alitukanwa na kupigwa kofi akijifungua. Kuna la kufanya, au ndiyo mambo ya leba?

Si mambo ya leba. Agosti 2013, mama mmoja alijifungulia sakafuni kwenye ujia wa hospitali ya umma ya Bungoma baada ya kukosa kitanda na msaada, akatukanwa na kupigwa na wauguzi waliomkuta pale. Mtu akarekodi kwa simu. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Bungoma, na Machi 2018 mahakama iliamua kwamba haki na heshima yake vilikiukwa, akapewa fidia ya KSh milioni 2.5. Ilichukua miaka karibu mitano. Sitamdanganya mtu kwamba njia hiyo ni fupi.

Njia fupi ni hii. Dada yako asimulie sasa, kabla hajasahau, na mtu aandike: siku, saa, zamu, maneno yaliyotumika, nani alikuwa kitanda cha pili. Asaini. Barua iende kwa mkuu wa hospitali, nakala kwa idara ya afya ya kaunti na kwa Baraza la Wauguzi la Kenya. Kama mhusika ni daktari, nakala iende kwa baraza la madaktari, KMPDC. Omba nakala ya faili ya matibabu. Ni habari zake mwenyewe. Na kama hataki kuendelea, msimsukume. Nimeona wanaharakati wakimburuta mama kwenye redio kabla kidonda cha upasuaji hakijapona.

SHA imebadilisha nini kwa mtu wa kijijini?

Ilichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara anapimwa uwezo wake, na hawezi kutozwa chini ya KSh 300 kwa mwezi. Usajili ni kwa *147#. Huduma za msingi kwenye ngazi ya 2 na 3 hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi, ilimradi umesajiliwa. Ile michango ni ya huduma za juu, ukilazwa hospitalini. Watu wengi kijijini wamechanganya hayo mawili, wanakwepa kujisajili wakiogopa kudaiwa, kisha zahanati inawahudumia bila kulipwa.

Swali la kamati kwa mkuu wa kituo kila mwezi: tumedai kiasi gani SHA, tumelipwa kiasi gani? Andikeni namba zote mbili ukutani kwa chaki. Kiongozi akija kuzuru, asimame hapo apigwe picha.

Tunawezaje kupeleka malalamiko bunge la kaunti?

Kwa ombi la maandishi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka ya umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kaunti ilijibu bila kuchelewa. Linapelekwa kwa karani wa bunge, au mwakilishi wadi analiwasilisha. Lieleze shida, hatua mlizokwisha kuchukua pamoja na tarehe zake, na mnachotaka bunge lifanye. Sahihi thelathini za watu wanaojulikana, na namba za vitambulisho, zinashinda mia tatu zilizoandikwa na mkono mmoja. Karani anajua mwandiko. Kisha fuatilieni siku ya kamati ya afya kuketi, mwende hata watano, mkakae kwenye viti vya wananchi. Waheshimiwa husoma tofauti wakiwa wanatazamwa.

Watafiti wamekuja kijijini wanataka damu. Nikubali?

Kanda hii imezoea utafiti; KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, iko Kisian tangu zamani, na chanjo ya malaria ilianzishwa Kenya kutokea Homa Bay mnamo Septemba 2019. Uliza: ni nani aliyeidhinisha, sampuli inaenda wapi, nikijiondoa napoteza matibabu? Usisaini kabla hujasomewa kwa lugha yako. Uliza pia nani wa kijiji chenu yuko kwenye bodi ya ushauri ya jamii. Akiwepo, mwalikeni barazani aje aseme anachokisikia huko.

Kuna lolote lililowahi kubadilika, au tunajichosha?

Yapo. Watu watatu wanaoishi na HIV walikwenda Mahakama Kuu kupinga vipengele vya sheria ya bidhaa ghushi ya 2008 ambavyo vingeweza kuzihesabu dawa halali za bei nafuu kuwa feki. Aprili 2012 wakashinda. Machi 2016 mahakama hiyo ikasema kumfunga jela mgonjwa wa kifua kikuu kwa kuacha dawa ni kinyume cha Katiba. Kesi ilitoka Kapsabet, mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa.

Yapo pia yaliyotuacha mdomo wazi. Tarehe 13 Desemba 2018 majaribio ya huduma za afya kwa wote yalizinduliwa papa hapa Kisumu, yakihusu pia Nyeri, Isiolo na Machakos. Majaribio yalikuwa ya mwaka mmoja. Kwetu foleni ilifika hadi kwenye mwembe, watu waliokuwa wamekaa na vidonda miaka wakajitokeza. Yalipoisha hatukuwa tumeandika chochote: waliotibiwa wangapi, dawa gani ziliisha kwanza, pesa ilikwama wapi. Tulikuwa na hadithi tu, na hadithi haikuwa na pa kubandikwa kwenye makadirio. Lile daftari la kurasa 32 lilinunuliwa baada ya hapo, kwa shilingi kumi na tano.

Nikija mkutano wa kwanza nije na nini?

Kitabu cha kliniki cha mtoto kama unacho, karatasi yoyote uliyoandikiwa dawa ukaikosa, na risiti ya kemisti. Uje saa mbili kamili. Tutaanza saa tatu na nusu. Na uje na kalamu. Ile ya mapokezi imefungwa kwa uzi mfupi, na wino wake uliisha Pasaka.